Taa za mkonga: kabla ya kuuliza ukali wa mwanga, uliza unapanda upande gani

Mwaka jana mwezi wa nane nilitoa shilingi 260,000 taslimu kwenye duka moja la spea hapa Mtwara mjini, nikatoka na jozi ya taa za LED za duara, nyeusi, zenye pete nyeupe kama jicho la bundi. Gari ni mkonga, Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1993, limezeeka kila mahali isipokuwa injini. Taa zake za zamani zilikuwa zimefifia mpaka mwanangu akawa ananitania: mama, ukiwasha taa giza linaongezeka.

Usiku wa kwanza nilikuwa natoka Tandahimba kupeleka salfa, ile dawa ya mikorosho. Lori la kwanza nililokutana nalo likanipiga fulu, yaani taa kali ya mbali. La pili hivyo hivyo. La tatu nikaanza kujibu, maana na mimi nina hasira zangu. Karibu na Naliendele dereva mmoja akasimama kabisa, akashusha kioo. "Dada, zima fulu, unatuua." Nikamwambia hii ni dimu, taa ya chini ya kupishania. Nikawasha fulu ili aone tofauti, akafunika uso kwa mkono, akaondoka bila kuaga.

Lakini huyo hakunitisha. Aliyenitisha ni mzee aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, pembeni kushoto, nilipokuwa bado mbali na Naliendele. Nilimwona akiwa tayari usawa wa kioo changu cha pembeni. Mbele kulia nilikuwa naona majani ya mikorosho moja moja. Kushoto, alipokuwa yeye, palikuwa giza kama ndani ya mtungi.

Asubuhi fundi umeme wangu hakugusa hata spana. Alisogeza gari mbele ya ukuta wa gereji, akahesabu hatua kumi, akawasha dimu, akafunika taa moja kwa kipande cha boksi. "Dada, angalia mstari wa mwanga unapandia wapi." Ukutani mwanga ulikuwa umekatika juu kwa mstari ulionyooka upande wa kushoto, halafu katikati ukapinda kwenda juu, kulia. "Hizi taa ni za nchi wanazoendesha kulia," akasema. "Wewe umezileta Mtwara."

Basi mwongozo huu wote ni wa mstari huo. Lumeni, rangi ya mwanga, maji kuingia, hayo mtayakuta kila mahali, na muuzaji atayataja kabla hujavuka mlango.

Taa ya gari ya halali kwa kawaida ina dimu iliyokatwa juu. Upande anakotokea mwenzako mwanga unabaki chini ili usimpige machoni. Upande wa pembeni ya barabara unapanda kidogo, ili uone watembea kwa miguu, baiskeli, mbuzi na mtaro. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga lazima upande kushoto. Uingereza, Japani, Australia, Afrika Kusini na Kenya ni hivyo hivyo. Hata ukivuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja ukaingia Msumbiji, bado ni kushoto. Ila Uchina wanaendesha kulia. Dubai kulia. Marekani kulia. Sasa jiulize spea zinazojaa Kariakoo na kuteremka huku kwetu kwa mabasi zinatoka wapi.

Na ukidhani fundi ataizungusha taa kidogo mambo yaishe, hapana. Skrubu za kurekebishia zinapeleka mwanga wote juu, chini, kushoto au kulia. Umbo la mwanga hazibadilishi, maana limechongwa ndani ya kioo au rifrekta, ile sahani inayong'aa nyuma ya balbu. Ukiishusha sana ili usimchome mwenzako, utakuwa unamulika bampa lako.

Namna ya kujua ukiwa dukani: simama uso kwa uso na taa, tafuta kwenye kioo herufi E ndani ya duara ikiwa na namba. Namba ni ya nchi iliyotoa kibali, E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, E11 Uingereza, na kadhalika. Haikuambii kitu kuhusu upande. Tafuta kimshale kidogo kilicholala jirani na alama hiyo. Kikielekea mkono wako wa kulia, wewe uliyesimama mbele ya taa, hiyo ni ya kuendesha kushoto. Ndiyo, kulia, kwa sababu mmeangaliana na gari, na kushoto kwake ni kulia kwako. Hapa ndipo wengi wanakosea halafu wanakuja kubishana na mimi. Mshale wenye ncha mbili maana yake taa inaweza kupangwa kwa pande zote mbili, hakikisha tu imepangwa kwa upande wetu. Kusipokuwa na mshale kabisa, taa yenye E ni ya kulia. Yenye DOT peke yake ni ya Marekani, kulia pia. Taa zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya ndani ya Japani mara nyingi hazina E, ila zinapandisha kushoto kama sisi.

Zangu zilikuwa na DOT, SAE (nayo ni ya Marekani) na E9, vyote kwenye mstari mmoja, kama mtu aliyevaa medali za vita asivyopigana. Mshale hakuna. Maandishi anaweza kuyachapa yeyote mwenye mashine. Ukuta hauchapwi, kwa hiyo kama muuzaji ana betri, mwombe akuwashie taa dukani kabla hujalipa.

Haya, mpangilio wangu sasa, kwa magari ya taa za duara za inchi 7: mkonga za zamani, Land Rover Defender, Suzuki za SJ410 na Samurai. Zote zinakula saizi moja, jambo ambalo ni neema.

Ya kwanza ni Hella ya kioo, ya balbu ya H4, ya kuendesha kushoto. Naipenda na sijifichi. Kioo ni kioo kweli, si plastiki, na kwenye vumbi letu jekundu la Newala plastiki inapauka na kukwaruzika kila ukiifuta. Mstari wa mwanga umekatika safi kama umepigwa rula. Balbu ikiungua unabadilisha balbu, hutupi taa. Nyuma ina mpira wa kuzuia vumbi na unyevu, na sisi tunaoishi karibu na bahari tunajua upepo wa chumvi unavyokula rifrekta. Weka ndani yake balbu ya Philips au Osram ya kawaida ya wati 60/55, yaani 60 za fulu na 55 za dimu. Zile za bei ya juu zinazoahidi mwanga zaidi kweli zinaongeza mwanga, ila zinaungua mapema, na sitaki kubadilisha balbu usiku porini nikiwa na tochi ya simu mdomoni. Agiza kwa kutaja kabisa kwamba unataka ya kushoto, kwa sababu Hella hiyo hiyo inatengenezwa na ya kulia, na boksi zinafanana.

Ya pili ni Koito za mtumba, zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa Japani. Koito ndiyo inayotengeneza taa nyingi za Toyota zikiwa mpya kiwandani. Angalia ndani: rifrekta ikiwa na madoa ya kahawia au imeanza kumenyeka kama ndizi, iache, haijalishi bei. Ikiwa inang'aa kama kijiko kipya, chukua, umepata mali.

Ya tatu, kwa mwenye fedha, ni LED ya kweli ya J.W. Speaker, ile 8700. Inatengenezwa ya kushoto na ya kulia, unachagua. Mwanga wake umekatika vizuri kiasi kwamba sina la kusema, na inakula umeme mdogo. Nimeshika moja ya rafiki yangu wa Lindi, ni nzito kama jiwe la kusagia. Ila kwa bei yake unapata matairi, na kwenye mkonga za zamani kuna mtego nitakaoueleza sasa hivi.

Cibie ni nzuri pia. Ukiikuta ya kushoto, chukua. Mimi sijaikuta huku.

Za bei rahisi sina mengi. LED ya duara ya 60,000 kwa jozi: hapana. Balbu ya LED ya kuchomeka kwenye taa ya balbu ya kawaida: hapana pia, kwa sababu rifrekta imepimwa kwa waya mdogo unaowaka mahali pamoja, ukibadilisha chanzo mwanga unatawanyika, na Ujerumani wenyewe wameruhusu aina chache tu kwa magari yaliyoorodheshwa. Balbu ya wati 100/90: itakuyeyushia soketi.

Mtego wenyewe ni huu. Toyota nyingi za zamani, swichi ya taa haikati umeme unaokwenda kwenye balbu, inakata upande wa hasi. Chanya iko pale muda wote. Balbu ya kawaida haijali, yenyewe ni waya tu. LED inajali. Utaifunga na itagoma, au itawasha dimu na fulu pamoja, au kile kitaa cha bluu cha dashibodi hakitawaka. Fundi asiyejua atakuambia taa mbovu, utarudi dukani, muuzaji atakuambia fundi mbovu, na wote wawili watakuwa wamekula nauli yako. Uliza kama inakuja na adapta ya Toyota. Halafu hakikisha gari lako ni la volti 12, maana baadhi ya dizeli za soko la Japani ni volti 24.

Na kabla ya kununua chochote kati ya hivyo, kuna kitu ningelifanya mwaka ule nikabaki na hela yangu. Fundi aliweka kipimo kwenye betri, injini inaunguruma: volti 13.8. Akaweka kwenye soketi ya taa: 11.9. Karibu volti mbili zimepotelea njiani, kwenye waya za mwaka 1993 na swichi iliyochoka. Balbu ya kawaida ni kiumbe mwenye wivu na umeme: ukimpunguzia asilimia 10 ya volti, anakunyima kama asilimia 30 ya mwanga. Kwa hesabu hiyo mimi nilikuwa nimepoteza asilimia 40 hivi kabla taa haijalaumiwa. Dawa yake ni waya mpya nene kutoka betri moja kwa moja, fyuzi karibu na betri, na rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa), moja ya dimu na moja ya fulu. Swichi ya zamani inabaki kuamuru rilei tu. Kazi ya nusu siku. Mwambie fundi kuhusu hasi ya Toyota kabla hajaanza kukata waya.

Ukishafunga, rudi ukutani. Hatua kumi ni kama mita kumi kwa mtu mrefu, tumia futikamba kama unayo. Mstari wa dimu uwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa. Na upime gari likiwa na mzigo unaoubeba kila siku. Mkonga ikipakiwa salfa nyuma inainua pua, na taa zilizopangwa gari tupu zinageuka kuwa za kutafutia popo.

Sasa wauzaji. Nimezunguka maduka manne nikiuliza swali moja: hii inapandisha kushoto au kulia? Wawili walicheka. Mmoja akasema, "Dada, taa ni taa." Wa nne, kijana mdogo, akaniita pembeni akaniambia hata yeye hajawahi kuulizwa, kisha akachukua simu akapiga picha ya mshale. Huyo nitarudi kwake. Lile duka langu la kwanza lilikataa kurudisha kwa sababu boksi limefunguliwa, kama vile taa inapimwa ikiwa ndani ya boksi. Na bei! Mnada wa kwanza wa korosho ukishalipa, taa ile ile iliyokuwa na bei ya watu mwezi wa tisa inaongezewa laki bila aibu, kwa sababu wanajua mkulima ana hela mfukoni na barabara ya usiku mbele yake. Ndiyo maana nasema nunua kabla ya msimu, na uombe risiti iliyoandikwa "ya kuendesha kushoto" kwa mkono wa muuzaji. Ukiona anasita kuandika, umeshapata jibu.

Mimi sasa nina Hella na rilei zake, jumla yote na ufundi 410,000. Wiki iliyopita nimepishana na malori kumi na moja kutoka Tandahimba, nimehesabu, hakuna aliyenipiga fulu.

Taa moja ya LED nimeifunga kwenye banda la kuku, inatumia betri ya sola. Kuku hawajalalamika. Nyingine iko kwenye boksi lake, haina mkwaruzo hata mmoja. Kama kuna ndugu yangu wa Bujumbura au Lubumbashi, kwenu mnaendesha kulia, tuzungumze bei.