Lacock Abbey, Wiltshire: uzoefu wangu katika abasia iliyogeuzwa nyumba

Kama uko Uingereza na unatafuta pa kwenda siku moja, na umeshachoka na majumba ya kifahari ambako unafuata kamba kutoka sebule moja yenye dhahabu hadi nyingine, nenda Lacock. Ni kijiji cha Wiltshire, kilomita tano hivi kusini mwa Chippenham. Kazi yangu ni ukarabati wa nyumba za zamani huku Bristol, kwa hiyo jengo lolote naanza kulitazama ukutani, samani baadaye. Kwa mtu wa namna hiyo sijaona mahali panapopazidi hapa.

Abasia ya hapa, yaani nyumba ya watawa, ilianzishwa mwaka 1232 na Ela, mwanamke aliyerithi cheo cha kikabaila cha Salisbury. Mumewe, William Longespée, alikuwa ndugu wa baba mmoja na Mfalme John. Baada ya kufiwa, Ela alishika mwenyewe kazi ya sherifu wa Wiltshire, yaani mwakilishi wa mfalme katika eneo hilo, jambo ambalo wanawake wa zama zile hawakupewa hivi hivi, kisha akaingia utawani hapa hapa na kuwa mama mkuu wa masista wa Mtakatifu Augustino. Masista wakaishi Lacock miaka mia tatu na ushei, mpaka Mfalme Henry VIII alipoamua kuzifunga nyumba za watawa nchi nzima. Zamu ya Lacock ilifika Januari 1539. Mwaka uliofuata William Sharington akainunua kwa pauni 783.

Alichokifanya Sharington ndicho kinachonifanya niandike haya. Abasia nyingi za Uingereza ziliishia kuwa magofu: madini ya risasi yaliyoezekea paa yakayeyushwa, mawe yakabebwa kujengea kwingine. Yeye alibomoa kanisa, lakini vyumba vya masista vilivyozunguka ua wa ndani akaviacha vimesimama, akatengeneza makao yake ghorofa ya juu. Kwa hiyo leo ukiingia chini uko utawani: varanda za matao ya mawe pande za ua, dari lenye mbavu zinazokutana kwenye mawe yaliyochongwa, chumba cha mikutano ya masista, na chumba walichoruhusiwa kuota moto. Humo kuna sufuria kubwa mno la madini ya kengele, lililotengenezwa mwaka 1500. Panda ngazi, na umeingia nyumbani kwa tajiri. Ngazi chache tu zinakutoa kwa masista na kukuingiza kwa bwana mwenye shamba, na hakuna aliyejaribu kuficha pale yanapokutana.

Nilikwenda na shangazi wa mke wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Songea. Tulipomaliza kuzunguka varanda akasimama, akaangalia huku na huku, akauliza, "Sasa kanisa liko wapi, baba?" Nikamwambia, "Shangazi, upande mmoja tunauona, mwingine haupo." Tukatoka nje kusini mwa nyumba. Ukuta ule wa mbele, unaopigwa picha na kila mgeni, ulikuwa ukuta wa kaskazini wa kanisa la masista. Palipokuwa na kanisa lenyewe sasa ni majani matupu. Shangazi amesali Peramiho, abasia iliyo karibu na Songea, tangu utotoni. Akatembea pale taratibu urefu wote wa ukuta, kisha akasema, "Ni kama Peramiho wamebomoa kanisa wakaacha wanakolala watawa." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo, na humpa kila ninayemshauri aende.

Sasa shika jambo hilo la ukuta, maana ndipo lilipo dirisha maarufu. Nyumba ilikuja kuwa ya ukoo wa Talbot, na William Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, akatoboa ukuta ule ule kuweka madirisha yanayojitokeza nje, kama miaka mitano au zaidi kabla ya 1835. Agosti ya mwaka huo akaweka kisanduku kidogo chenye lenzi mbele ya dirisha la katikati, ndani yake karatasi iliyopakwa chumvi na nitrati ya fedha. Mkewe Constance aliviita visanduku vile mitego ya panya. Picha iliyotokea haizidi sentimeta 4 upana, nayo ndiyo negativu, yaani picha ambayo mwanga na giza vimegeuzana, ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani. Talbot aliandika kando yake kwamba ilipokuwa mpya, vipande vya kioo vya dirisha, vipatavyo 200, viliweza kuhesabika kwa lenzi. Karatasi yenyewe imehifadhiwa Bradford, lakini dirisha liko palepale. Ukisimama alipoweka kisanduku, unaangalia nje moja kwa moja palipokuwa na kanisa. Watu wengi hupiga picha ya dirisha wakaondoka. Tafadhali sogea karibu, angalia nje.

Usiupite mnara wa pembe nane aliojenga Sharington. Ndani kuna meza ya jiwe iliyobebwa na viumbe nusu mtu nusu mbuzi, kazi safi sana ya kuchonga. Huyu bwana alisimamia kiwanda cha sarafu cha Bristol, akaiba, akakamatwa mwaka 1549, akasamehewa, akazinunua upya mali zake. Kwenye ukumbi mkubwa wa katikati ya miaka ya 1750, ambao ramani yake ilichorwa na Sanderson Miller, kuna sanamu za udongo wa kuchoma ukutani. Ukumbi mzuri, ila kwangu haufikii vyumba vya chini.

Matilda Talbot aliikabidhi abasia pamoja na kijiji kwa National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, mwaka 1944. Naiona hatua hiyo kuwa kubwa kama ya Ela, kwa sababu bila yeye kijiji kingeuzwa nyumba moja moja.

Kwa atakayekwenda: treni ya London Paddington kwenda Bristol husimama Chippenham, na kutoka hapo ni basi au teksi. Vyumba vya juu havifunguliwi mara kwa mara kama varanda za chini, hasa majira ya baridi, kwa hiyo hakiki kabla ya kukata tiketi. Vaa viatu vya kufunga na sweta hata kiangazi, sakafu ya mawe haina huruma. Mwenye magoti mabovu atafaidi chini bila kupanda ngazi. Shangazi hakupanda, na bado alisema siku yake ilikamilika. Anza na varanda, toka nje uuone ukuta wa kusini, ndipo upande juu dirishani. Makumbusho ya picha yaliyo kwenye ghala la kale getini yaache ya mwisho, na kama muda umebana, hayo ndiyo ya kuruka.