Kuondoa kutu kwenye Hilux ya mwaka 1996: uzoefu wangu na gereji mbili

Gari langu ni Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1996, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikibeba samaki wa barafu kutoka Tanga hadi Muheza na Korogwe. Mzigo huo ndio ulioiumiza, kwa kuwa barafu ikiyeyuka huchanganyika na chumvi, ikachuruzika kwenye matundu ya bodi la nyuma na kuangukia chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ambayo ndani ina uwazi kama bomba. Tope likishaziba vitundu vya kutolea maji, chuma hulika kutoka ndani huku rangi ya nje ikionekana nzima.

Gereji ya kwanza ilinitoza shilingi 350,000. Fundi alipiga msasa juu juu, akajaza puti, ule uji mzito unaokauka na kuziba mashimo ya bati, kwenye matao ya magurudumu na chini ya milango, kisha akapaka rangi iliyong'aa hata nikamsifu mbele ya majirani. Masika iliyofuata rangi ilitoka malengelenge, na nilipoyachokonoa kwa bisibisi, puti ilibanduka vipande vizima, nyuma yake hakuna bati. Iliniuma sana, kwa sababu puti hunyonya unyevu na kuukalisha palepale penye kutu.

Fundi wa gereji ya pili alikataa kutaja bei kabla ya kulishusha bodi la nyuma. Aligonga chesisi yote kwa nyundo ndogo, akanisikilizisha tofauti: chuma kizima hulia, kilicholika hutoa sauti iliyofifia. Sehemu mbili karibu na ekseli ya nyuma zilikuwa zimeoza. Alifungua nyaya za betri, akashusha tangi la mafuta, akakata hadi kufikia chuma safi, ndipo akachomelea vipande vya chuma vya milimita 3. Kwenye bati jembamba la milango alichomelea kwa nukta, akisubiri lipoe kila mara ili lisipinde. Ninachomshukuru zaidi ni kwamba aligundua paipu ya breki ya nyuma imelika karibu kutoboka, jambo ambalo sikuliuliza wala sikulijua.

Nililipa shilingi 1,480,000, na kazi ilichukua siku 17 badala ya 10 tulizokubaliana. Siku hizo saba nilikodi gari la mtu, na nadhani angepaswa kuniarifu mapema. Rangi nayo haikulingana kabisa na ya zamani. Hata hivyo masika mbili zimepita bila lengelenge hata moja.

Ndani ya chesisi alipuliza nta badala ya oili chafu ambayo wengi huitumia, akieleza kwamba oili huharibu mipira ya bushi, ile inayokaa kwenye maungio ya chini ya gari. Vilevile alifunga mpira wa kutolea maji ya barafu hadi nyuma ya bampa, yasiguse chesisi tena, na kazi hiyo hakunitoza chochote.