Steshenari ya Mwanga nyuma ya soko: printa yake haina madoa (nyota 4)

Wana Kigoma mnaouliza kila siku wapi pa kuprinti kazi ya chuo bila kulia, nendeni Mwanga, ile steshenari ndogo nyuma ya soko yenye mlango wa bluu, meza mbili tu na feni inayopiga kelele kuliko printa yenyewe. Mimi ni mwalimu wa historia, nasoma masters huku nafundisha, na ripoti yangu inahusu vikanisa vya kwanza vya Wakristo kule kwenye visiwa vya Ireland na Uskochi. Ndio, mtu wa Ujiji anaandika habari za visiwa vya Atlantiki, mke wangu ameshacheka ya kutosha kwa hiyo nyie msirudie.

Sasa kwa nini printa iwe ishu kubwa hivi. Vile vikanisa vya mwanzo vingine vilikuwa vya miti, na miti ikishakaa ardhini miaka elfu na zaidi inaoza yote, kinachobaki ni doa. Wachimbaji wanakwangua udongo taratibu mpaka wanakuta viduara vyeusi, hayo ndo mashimo ya nguzo, pale nguzo ilipooza udongo umebadilika rangi. Aliyewahi kuona kambi ya dagaa ikihama hapa ziwani ananielewa, chanja zimeng'olewa, turubai limebebwa, ila ukiangalia chini unajua hapa ilisimama chanja na pale palikuwa jikoni. Church Island pale Valentia, Ireland, mwanaakiolojia O'Kelly alichimba mwaka 1955 na 1956 akakuta kabla ya kikanisa cha mawe palikuwa na kingine cha miti, na makaburi mengine ukuta wa mawe umepita juu yake. Brough of Deerness kule visiwa vya Orkney, Uskochi, wakachimba 1975 mpaka 1977, habari ileile, cha mawe juu cha mbao chini. Bila yale madoa tungesema watu walianza na mawe tu basi.

Haya chukua ramani ya uchimbaji yenye viduara vya namna hiyo uipeleke kwenye printa yenye dramu chafu (ule mche wa ndani unaobandika tona, yaani wino wa unga, kwenye karatasi). Mimi nilianza duka jingine, silitaji, A3 kumi na mbili, natoka nje naziangalia kwenye jua, mashimo ya nguzo yameongezeka! Karatasi nzima ina vidoti vya tona, kidoti kilekile kinajirudia kila baada ya vidole vinne. Narudi ndani, kijana ananiambia "mwalimu si yanaonekana vizuri tu?" Yanaonekana ndio, shida yanaonekana mpaka yasiyokuwepo, msimamizi wangu akianza kuyahesabu nimeshajenga kanisa la pili pembeni ya lile la O'Kelly. Hela haikurudi.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu mama wa Mwanga. Nimeingia, "mwakeye mwalimu", akachukua zile karatasi mbovu akaziangalia sekunde mbili akasema hii dramu. Kabla hajagusa kazi yangu alitoa karatasi tupu kwenye printa yake, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona alama moja, akafungua mashine akafuta, akatoa tupu nyingine. Ndipo akaprinti. A3 nyeusi buku, ya rangi buku mbili na nusu, spairo buku tatu. Mashimo yote yametoka kama yalivyo, hata moja la kuzidi hakuna.

Kingine nilichompendea, anatunza mafaili. Laptop yangu ilikufa mwezi uliofuata na sura ya Iona, kisiwa cha Uskochi, ilikuwa haipo popote, kumbe yeye anayo kwenye foda yenye jina langu. (Wenye siri zenu mwambieni afute, anafuta.) Na sura yenyewe inahusu hayohayo ya kutunza: mwanaakiolojia Charles Thomas alichimbua mkaa pale Iona mwaka 1957, pale panaposemwa palikuwa na kibanda cha Mtakatifu Columba, mtawa aliyetoka Ireland, akautunza nyumbani kwake kwenye gereji, 2017 ukapimwa ikaonekana ni wa kati ya mwaka 540 na 650. Columba alifika Iona mwaka 563, kwa hiyo mkaa unaendana na enzi zake. Miaka 60 mkaa umekaa gereji!

Nyota moja nimekata kwenye rangi. Picha za Illaunloughan zilitoka vizuri, ni kisiwa cha Ireland ambacho hakifiki hata robo ya uwanja wa mpira, na zile kokoto nyeupe za kwatzi na makombe ya baharini ambazo watawa wa pale waliziweka pamoja na mifupa ya watakatifu wao zinaonekana moja moja. Ila Skellig Michael, kisiwa kingine cha watawa huko Ireland, imetoka bluu. Vile vibanda vya mawe yaliyopangwa bila saruji, wenyewe wanaviita mizinga ya nyuki, ingawa usifikirie mzinga wetu wa gogo, fikiria kichuguu, ni vya kijivu, kwangu vimekuwa kama vimepigwa rangi ya shule ya msingi. Mama anasema wino wa njano ulikuwa unaisha, alitakiwa aniambie kabla, japo karatasi mbili alinirudia bure.

Jumamosi msiende, ni Msabato, na Ijumaa jioni anafunga mapema. Mimi nilisahau flashi pale Ijumaa saa kumi, nikakaa nayo rohoni mpaka Jumapili asubuhi.