Vitabu vya kuijua Italia: ununue kipi kwanza

Sie tuliokulia Malindi Wataliano si wageni kwetu, gelato tumelamba tangu utotoni na vijana wa bichi wanakiongea Kitaliano kama maji, lakini nchi yenyewe nimeanza kuielewa juzijuzi tu kupitia vitabu. Na mwanzoni nilinunua ovyo, nikavutiwa na picha za jalada. Sasa nakupangia hapa, kama pesa yako inatosha kimoja tu chukua cha kwanza, hivyo vingine vitakungoja.

Namba moja bila ubishi ni Essentials of Classic Italian Cooking cha Marcella Hazan. Kilitoka 1992, ni vitabu vyake viwili vya zamani, cha 1973 na cha 1978, vikaunganishwa. Huyu mama alisomea sayansi, akaolewa akahamia New York akiwa hajui kupika, akajifundisha mwenyewe, ndo maana anakueleza kila kitu na sababu yake, mbona hii pasta inaenda na sosi hii na ile haiendi. Sosi yake maarufu ina nyanya, siagi, chumvi na kitunguu kimoja kilichokatwa vipande viwili, unaacha ichemke polepole kama dakika 45 halafu kitunguu unakitoa. Basi. Thomu hakuna, royco hakuna, mi nilidhani ukurasa umechanika. Nikapika na nyanya za sokoni hapa hapa, watoto wakalamba sahani.

Angalizo mbili lakini. Toleo la Marekani linapima kwa vikombe na Fahrenheit, kama jikoni kwako kuna mizani ya gramu ulizia la Uingereza. Halafu kwa sisi tusiokula nguruwe wala kugusa mvinyo, kuna kurasa utaziruka, ingawa nyingi zinabaki, mboga peke yake zinatosha kukulisha mwaka. Ile sosi yake ya nyama ya Bologna, inayopikwa masaa matatu na kuendelea, mi pale pa mvinyo natia supu na ndimu kidogo, wenyewe wanisamehe.

Namba mbili, Pellegrino Artusi, La scienza in cucina e l'arte di mangiar bene, tafsiri ya Kiingereza ipo. Hiki usikinunue kwa kupika, kinunue kwa porojo. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa Florence, akakichapisha kwa pesa zake 1891, miaka 30 tu baada ya Italia kuwa nchi moja, wakati mtu wa Sicilia kule kusini na mtu wa Piemonte kule kaskazini hata lugha hawasikilizani vizuri. Akawakusanya kwenye chungu kimoja! Kwenye minestrone anasimulia alivyoila Livorno mwaka 1855, tumbo likamsokota usiku kucha akailaani ile supu, kurudi Florence ndo anasikia kipindupindu kimeingia Livorno, kumbe supu ya watu haina kosa. Mi kitabu cha mapishi chenye visa hivi sijakiona kwingine.

Tatu ni riwaya, L'amica geniale ya Elena Ferrante, ya 2011. Wasichana wawili wa mtaa wa kimaskini Napoli, mmoja anasoma mwingine anakatishwa shule. Ukitoka humo Napoli unaijua kwa harufu na matusi yake. Vitabu vya hadithi hii viko vinne, lakini usibebe vyote kwa mpigo hata kama muuzaji anakushawishi, soma cha kwanza uone kama kinakushika.

Nne, Carlo Levi, Cristo si è fermato a Eboli, 1945. Serikali ya Mussolini ilimfukuzia kijijini kusini kabisa, yeye ni mchoraji mwenye digrii ya udaktari, wanakijiji wenye malaria wakamng'ang'ania awatibu. Ukidhani Italia yote ni mizabibu na majumba, hiki kitakunyoosha.

The Silver Spoon ni lile tofali la kitabu lenye mapishi ya Kitaliano zaidi ya 2,000. Zuri kumpa bi harusi zawadi, ila maelezo yake mafupi, linadhani ushajua kupika. Na vile vitabu vya mgeni aliyenunua nyumba mkoa wa Toscana akaikarabati, mi huazima tu, sinunui.

Vitabu vya kusafiria nimeviweka mwisho makusudi, maana vinachacha haraka kama maziwa. Venezia kwa mfano imeanza 2024 kutoza ada wageni wa kutwa kwenye siku fulani, kitabu cha kabla ya hapo hakitakwambia. Ukikipata kwa wauza mitumba fungua kurasa za mbele uangalie mwaka kwanza, mi niliuziwa kimoja bei za hoteli ziko kwa lira, pesa ya zamani ya Italia, na lira iliondoka 2002. Bado ninacho, ramani yake ya Roma natumia kufuata sinema.