Nebulaiza ya nyumbani na mtoto wa miaka 2: miezi yangu 10

Nianze na maksi, maana najua anayesoma hii huenda ana mtoto begani kifua kinamlia. Mashine (nebulaiza, ile inayogeuza dawa ya kifua kuwa ukungu wa kuvuta) naipa 4 kati ya 5. Maski iliyokuja nayo naipa 1. Mrija, kikombe na vikorokoro vingine vya ndani ya boksi sina ugomvi navyo.

Kijana wangu ana miaka 2 na miezi 3. Tunakaa Nkuhungu, na kuanzia mwezi wa 7, upepo wa Dodoma unapoanza kubeba vumbi, kifua chake kinabana. (Wanaodhani huku ni joto tu waje usiku wa mwezi huo. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake haina utani.) Mwaka jana tulilazwa mara mbili. Daktari wa watoto alisema neno pumu kwa umri huu hawalikimbilii, ila dawa ya kufungua kifua inamsaidia, kwa hiyo tukiweza tuwe na nebulaiza nyumbani, kwa dawa na kipimo alichoandika yeye, badala ya kupanda bodaboda saa 8 usiku na mtoto anayehema.

Nililipa 120,000. Ni ile ya kompresa ya kuchomeka ukutani, na umbo lake ni la panda, yule mnyama mweusi na mweupe wa China. Mwanangu hajawahi kuona panda, bibi yake pia hajawahi, basi tangu siku ya kwanza inaitwa paka.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kintinku wiki hiyo. Alipoona ukungu unatoka akaniambia, "Mwanangu, hii si kujifukiza tu? Ongezeni majani ya mkaratusi." Nikamshika mkono nikamgusisha kikombe: baridi. Humo hakuna kinachochemka. Mota inasukuma hewa kwa nguvu kwenye mrija, hewa inapasua dawa kuwa matone madogo sana, na udogo wake ndio unaoyafikisha mapafuni. Kwenye kile kikombe inaingia dawa ya hospitali na maji ya chumvi yaliyoandikwa na daktari, basi. Majani, Vicks, mafuta ya karafuu, hapana. Na sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi na mtoto wa miaka 2, hapana zaidi, watoto wanaungua. Mama akaguna. Mgogo akiguna hivyo ujue amekubali ila hajapenda.

Usiku wa kwanza ulikuwa vita. Paka alipowashwa alinguruma kama mashine ya kusaga, mtoto akaruka. Baba yake alishika miguu, mimi mikono na maski. Alilia dakika 12 mfululizo na tukajipa moyo kwamba akilia anavuta pumzi kubwa, si dawa inaingia vizuri? Tulikwenda hivyo siku tano. Siku akigoma kabisa, nilikuwa namshikia maski mbali kidogo na uso, nampulizia tu.

Tulivyorudi kliniki muuguzi mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, hapo ulikuwa unatibu pazia." Mtoto anayelia anatoa pumzi ndefu na kuvuta vipande vifupi vya haraka, dawa inabaki kooni na mashavuni. Na maski ikiachana na uso hata kidogo, sehemu kubwa ya dawa inaishia hewani. Mtoto aliyetulia anayehema kawaida ndiye anayepata dawa. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumtuliza, na kumshika kwa nguvu kulikuwa kunaiharibu kazi yenyewe.

Tulianza upya, safari hii bila dawa. Siku mbili maski ilizagaa kwenye mkeka kama mdoli mwingine yeyote. Dubu alivaa. Baba alivaa, akakohoa kwa madoido. Mtoto akaivaa mwenyewe kichwani kama kofia, tukampigia makofi hivyo hivyo. Siku ya tatu niliwasha paka chumbani mlango ukiwa wazi, sisi tukiwa sebuleni tunakula ndizi. Siku iliyofuata nikamsogeza hadi mlangoni. Bahati nzuri kipindi hicho kifua kilikuwa kimetulia. Angekuwa amebanwa nisingekuwa na muda wa hayo maonesho, na ndiyo maana nasema zoezi hili lifanyike mtoto akiwa mzima.

Kilichomaliza kazi ni basi. Mlio ule uliomtisha, baba yake aliusikiliza akasema, "Huu si mlio wa basi linapanda mlima?" Toka hapo mtoto ni dereva. Anakaa mapajani kwangu, mgongo kifuani pangu, wima kabisa (akilala chali kikombe kinainama na ukungu unakata), anashika mfuniko wa sufuria kama usukani. Maski ni ya dereva kwa sababu barabara ina vumbi, na hilo hata si uongo. Tunatoka Nkuhungu kwenda kwa bibi Kintinku. Tukifika Nala abiria anapanda, tunamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa!" Tukifika Bahi tunashusha mchele na kugonga kikombe kwa kidole ili matone yaliyoganda pembeni yashuke. Paka akianza kutema-tema, tumefika, dawa imeisha. Kwa mililita 3 alizotuandikia daktari safari huchukua dakika 10 hivi. Umeme ukiwa mdogo tunaweza kupitiliza Kintinku tukafika hadi Manyoni.

Hafurahii kila siku. Kuna siku dereva anashuka Nala na kutupa usukani. Tunazima, tunahesabu hadi 20, tunawasha tena. Kumvizia akiwa usingizini nilijaribu mara mbili, mara zote aliamka na kilio kibaya kuliko cha mwanzo, nikaacha.

Sasa maski. Boksi limeandikwa "ya mtoto", lakini ni mtoto wa darasa la tatu labda. Kwa wangu ilifika kidevuni ikapitiliza, ukungu ukawa unapanda machoni anafikicha. Nilirudi kwa muuzaji. Akaiangalia, akamwangalia mtoto, akasema, "Si atakua tu, dada?" Nikanunua ndogo yenye kingo laini kwenye duka la vifaa tiba, 6,000. Kabla hujalipa, ipime usoni kwa mtoto: ikae kuanzia juu ya pua hadi kidevuni bila kugusa macho.

Nyota niliyoikata kwenye mashine ni ya umeme. Jioni moja mwezi wa 9 umeme ulikatika tukiwa katikati ya safari, dawa nusu kikombe, na mtoto kweli amebanwa. Tukaishia kukimbia hospitali vilevile. Hapo ndipo daktari alipotuandikia inhela, kile kikopo cha dawa ya kupuliza, na spesa, lile bomba la plastiki lenye vali na maski yake ndogo. Unatikisa inhela, unabana maski usoni, unapuliza mara moja, mtoto anahema mara tano au sita, ndipo unarudia kama umeandikiwa zaidi. Haina umeme, haina mlio, inaingia kwenye mkoba. Daktari alisema kwa watoto wengi wenye shambulio la kawaida inafanya kazi sawa na nebulaiza, na hata chupa ya maji ya mililita 500 ikitobolewa na kuzibwa vizuri pembeni ya inhela inaweza kushika nafasi ya spesa. Watafiti wa Cape Town walilipima hilo kwa watoto wenye pumu na kulichapisha mwaka 1999. Nilikaa nikitafakari 120,000 yangu. Laiti mtu angeniambia niulizie spesa kwanza! Leo siku nyingi tunatumia spesa, na paka anatoka kabatini mtoto akiwa amechoka kiasi kwamba kubana maski na kuhesabu pumzi kunageuka ugomvi. Kwa kuwa basi analijua, analipanda.

Usafi wake ni kazi, usidanganyike. Kila baada ya dawa nasuuza kikombe na maski, jioni naviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, vinakauka vyenyewe juu ya kitambaa safi. Mrija siuoshi, naacha mashine iendelee kuwaka dakika moja ukiwa umechomekwa ili unyevu utoke. Spesa ukiiosha usiifute ndani kwa kitambaa, iache ichuruzike, kwa sababu ukiisugua plastiki inavuta chembe za dawa kwake zisifike kwa mtoto. Na kwa wenzangu wa Dodoma: usiache kitu wazi juu ya meza kiangazi. Kichujio cha hewa ambacho nilitegemea kikae miezi kiligeuka rangi ya matofali wiki ya tano. Vyote sasa vinakaa kwenye ndoo yenye mfuniko.

Jambo la mwisho halina mchezo. Mashine ya nyumbani inatoa hewa ya kawaida tu. Hospitali wanaweza kumpa mtoto oksijeni wakati wa dawa, wewe huwezi. Mbavu zikizama kila anapovuta pumzi, akishindwa kunywa au kunyonya, midomo ikibadilika rangi, akilegea, au dawa ikiisha nguvu kabla ya masaa manne kupita, hakuna basi wala dubu, ni kutoka. Kutetemeka vidole kidogo na moyo kwenda mbio baada ya dawa tuliambiwa hutokea, na kwa wetu hupita ndani ya saa moja hivi.

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule muuzaji kutafuta vichujio. Hana. Akauliza mtoto anaendeleaje, nikamwambia anaendelea vizuri, ila ile maski bado kubwa. Akacheka, "Mpe muda, dada."