Ati Outlook yangu ipelekwe Fort Jesus

Mie si mtu wa kulalamika, waulize majirani wa jengo letu hapa Mwembe Tayari, lakini hawa wanaotuwekea imeili za ofisi wamenifikisha pabaya. Kampuni siitaji, wenyewe wanajijua.

Kazi yetu ni kutoa mizigo bandarini. Bila imeili hatuna kazi, maana notisi za meli, bili of leding, invoisi, zote zapitia huko. Kompyuta ya ofisi ni Windows 7, na barua twazisoma kwa programu ya Outlook 2010, ya zamani najua, lakini miaka yote hiyo haijanisumbua na barua za wateja zote zimo mle kwenye faili moja ya pst. Basi majuzi, wikendi fulani, jamaa wakahamisha sava. Walituma kimeseji kimoja tu, ati "mabadiliko madogo". Jumatatu nafungua, kimya. Hakuna barua hata moja, na kwenye simu, paswadi ile ile, barua zamiminika kama kawaida!

Nikapiga simu. Nikawekewa muziki mpaka chai ikapoa. Akashika kijana mmoja, salamu hana, neno la kwanza "mathe, shida ni gani?" Mathe! Mie mtu mzima, mwambie mtu mama basi. Nikameza. Akaniambia nitoe poti 110 niweke 995, nitie tiki kwenye SSL, ile ya kufunga barua kwa siri zikiwa njiani, na ya kutuma iwe 465. Nikafanya yote. Ikaja eraa 0x800CCC1A, yasema sava haikubali aina ya usimbaji niliyochagua. Nikamsomea. Ati "sava iko sawa". Sasa mbona eraa yaitaja sava? Akauliza natumia nini, nikamwambia Outlook 2010, na hapo wallahi nikamsikia amwambia mwenzake, hata simu hakuiziba, "oya kuna mtu huku bado ako na 2010", wakacheka. Kisha akanirudia, "mathe hiyo peleka Fort Jesus, iwekwe kando ya mizinga ya Mreno."

Nikakata simu. Mikono yatetemeka.

Aliyeniokoa ni kijana wa dadangu, akaja baada ya alasiri na flashi yake mfukoni. Kumbe kisa chenyewe si kikubwa. Sava mpya yataka TLS, ndiyo SSL ya siku hizi, toleo la 1.2 na kwenda juu, na Outlook yangu ilikuwa ikibisha hodi kwa TLS 1.0, ambayo yeye asema ilistaafishwa rasmi pamoja na 1.1 tangu Machi 2021. Windows 7 yaijua hiyo 1.2, ila imelala. Kuna apdeti ya Microsoft, KB3140245, akaitia, akaongeza vitu fulani kwenye rejista, mipangilio ya ndani ya Windows (mie nilikuwa nimefumba macho), akazima akawasha. Barua zikaanza kuingia moja moja, tin, tin, tin. Nusu saa haikufika. Yaani yule mcheshi angesema sentensi moja tu, "mama, tafuta apdeti fulani", yangekwisha.

Na katika zile barua ikawemo notisi ya meli ya tangu Jumatatu. Simu ilikuwa nayo, ndiyo, lakini simu yashikwa na kijana wa ofisi na yeye alidhani nimeiona kwenye kompyuta. Siku za bure za kontena kukaa bandarini zikatupita, storeji tukalipa sie.

Sasa nikiwa mkweli, sava yenyewe nzuri. Barua zaenda upesi, na zile takataka za ati umeshinda bahati nasibu zimepungua sana. Na mpwa wangu naye alinikalisha chini, akaniambia Windows 7 iliachwa Januari 2020, Outlook 2010 Oktoba mwaka huo huo, kwa hivyo hii aliyonifanyia ni kiraka tu, nianze kujipanga. Sawa, nimesikia. Ningewapa nyota nne hawa watu.

Lakini kila nikikumbuka ile Fort Jesus nazitoa. Tatu. Hapana, mbili. Mngetuambia mapema nani ataachwa nje tungejitayarisha, si "mabadiliko madogo". Moja!

Mwezi ujao ndio kulipia tena, na yaelekea nitalipa, maana kuhamisha hiyo pst pengine sina nguvu. Ila nikipiga simu akashika yule yule, nakata.