Uzoefu wangu: kuchagua vipuri vya kipokezi cha saa ya GPS kwa bei nafuu

Kabla ya kutoa pesa, amua kwanza saa hiyo utaipeleka wapi. Kama ni seva ya NTP (inayogawa saa sahihi kwa kompyuta za mtandao) ya ofisi, shule au mtoa huduma mdogo wa intaneti, Linux yenyewe huchelewa maikrosekunde chache kulisoma pigo la sekunde (ishara ya umeme ambayo kipokezi hutoa mara moja kila sekunde), na kuchelewa huko hubadilika kila mara. Moduli yenye makosa ya nanosekunde 30 kwenye pigo hilo, yaani PPS, tayari imeizidi kompyuta inayoisikiliza. Kwa kazi hiyo moduli ya NEO-M8N ya kampuni ya u-blox inanitosha, na pesa inayobaki naiweka kwenye antena na kebo.

NEO-6M nayo hutoa pigo zuri, ila angalia bodi iliyobandikwa. Zile za bei ya chini kabisa zina pini nne tu: VCC, GND, TX na RX (umeme na data tu). Pigo lipo, lakini limeishia kwenye taa inayomweka. Inabidi ulehemu waya mwembamba kwenye pini ya 3 ya moduli yenyewe, na pini hizo zimesongamana kiasi kwamba ncha nene ya chuma cha kulehemu huunganisha mbili kwa mara moja. Ukipata bodi iliyoandikwa PPS pembeni, ongeza hela kidogo uichukue hiyo. Ishara zake ni volti 3.3, sawa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi; usipitishe chochote cha volti 5 kwenye pini zake za GPIO (za kuunganishia vifaa).

Bandia ni nyingi. Fungua u-center, programu ya u-blox ya kompyuta, uliza ujumbe wa UBX-MON-VER (UBX ni lugha ya u-blox yenyewe ya kuongea na moduli). Moduli halisi hujibu toleo lake la programu. Nyingine zinazouzwa kwa jina hilohilo hutoa maandishi ya NMEA (sentensi za kawaida za GPS zenye saa na mahali) vizuri tu lakini hazijibu lolote kwa UBX. Hizo rudisha, kwa sababu mipangilio yote ya moduli nitakayoitaja hapa chini inapita kwenye UBX.

Betri ndogo ya akiba kwenye bodi watu huipuuza, nami naiona muhimu hasa kwa sisi ambao umeme hukatika. Saa ya GPS imetangulia UTC (saa rasmi ya dunia) kwa sekunde 18 tangu Januari 2017, na tofauti hiyo moduli huisoma kwenye ujumbe wa setilaiti ambao mzunguko wake mzima huchukua dakika 12.5. Betri ikifa, moduli yenye programu ya kabla ya 2017 huamka na namba ya zamani, ikatoa saa yenye makosa ya sekunde nzima huku taa ikimweka kwa raha. Baada ya umeme kurudi, zuia seva isihudumie mtu kwa robo saa.

Sasa antena, na hapa ndipo vipokezi vingi huharibikia. Ile ndogo ya mraba yenye sumaku, ya kuongeza ishara kwa dB (desibeli) 28, inafanya kazi vizuri ikiwa juu ya bamba la chuma lenye upana wa sentimita 10 hivi. Paa la mabati ya chuma ni mahali pazuri kwake. Chini ya mabati hayo hayo haitaona kitu. Iweke mbali na tangi la maji na ukuta mrefu, maana mawimbi yanayorudi kutoka huko hufika yamechelewa na kulisukuma pigo. Nguvu ya ishara ya setilaiti za juu ikiwa chini ya dB-Hz 35, usiendelee na mipangilio. Rekebisha antena kwanza.

Kebo nyembamba ya RG-174 inayokuja nayo hupoteza takriban dB 1 kwa kila mita kwenye masafa ya GPS ya 1575.42 MHz. Mita 5 ni sawa. Ukiiunga hadi 20, karibu nguvu yote iliyoongezwa na antena imekwisha njiani. Kwa umbali huo mimi natumia RG-6, kebo ya dishi inayopatikana kila duka la vifaa vya TV, pamoja na antena ya nje yenye soketi yake. Ni ya ohm 75 wakati moduli ni ya 50, lakini hasara ya kutolingana ni ndogo sana ukilinganisha na unachookoa: mita 20 zinakula kama dB 6 tu. Uliza volti ya antena kabla ya kununua, kwani nyingi za nje zinataka 5 na bodi hutoa 3.3. Viungo vya nje vifunge kwa tepu ya mpira; maji yakiingia kwenye kebo, ishara hufifia polepole hadi ukadhani ni moduli.

Kebo pia huchelewesha: takriban nanosekunde 5 kwa mita kwenye RG-174, na 4 kwenye RG-6 ya povu. Moduli za M8 hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa nanosekunde 50 kwa ajili ya kebo. Badilisha kwenye ujumbe wa UBX-CFG-TP5.

Pigo liende moja kwa moja pini ya GPIO 18 ya Raspberry Pi, na kwenye config.txt weka `dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18`. Usitegemee USB, vijiti vingi vya GPS havipitishi pigo kabisa, na hata likipita, USB huongeza kuyumba kwa takriban milisekunde nzima. Kwenye chrony, programu ya Linux ya kurekebisha saa (SHM 0 ni saa ya NMEA iliyosomwa na programu ya gpsd):

`refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.2 noselect`
`refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA`

Ile 0.2 ni ya kuanzia tu. Pima kwa `chronyc sources` kisha urekebishe. Kwa kasi ya mawasiliano ya baud 9600 kila herufi huchukua milisekunde moja, hivyo sentensi ndefu za GSV (orodha ya setilaiti) huchelewesha saa na chrony ikakataa pigo. Zima GSV, pandisha baud hadi 38400.

NEO-M8T naipendekeza pale tu unapoongoza osileta (kifaa kinachotoa mapigo ya kasi thabiti) ya 10 MHz. Hupima mahali ilipo, ikishika msimamo inaweza kutoa saa hata kwa setilaiti moja. Pigo la M8 huangukia kwenye hatua za nanosekunde 21, na UBX-TIM-TP hukuambia kosa la pigo linalofuata ili ulitoe kwa hesabu. Usipofanya hesabu hiyo, sehemu kubwa ya ulicholipia inapotea. Trimble Thunderbolt iliyotumika nayo ni nzuri, ina osileta inayotunzwa kwenye joto lisilobadilika ndani. Tangu 30 Julai 2017 tarehe yake iko nyuma kwa wiki 1024, lakini 10 MHz na pigo lake viko sawa.

ZED-F9T inayopokea masafa mawili ya redio ni ghali zaidi. Ila karibu na ikweta tabaka la ionosfera (hewa ya juu yenye chaji, inayochelewesha ishara) ni zito, na baada ya jua kuzama ishara huweza kuchezacheza. Kipokezi cha masafa mamoja hutegemea modeli inayoondoa takriban nusu tu ya ucheleweshaji huo. Ukihitaji chini ya nanosekunde 20 ukiwa Nairobi au Mwanza, hiyo ndiyo ya kununua.